Kisahani hakioni barabara, kinahesabu mizunguko ya tairi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Dodoma aliyeandika katika ukurasa huu kwamba tochi za trafiki, zile mashine za askari za kupimia mwendo, zinaonea watu. Alieleza kuwa alipigwa tochi ikaonyesha 57 penye kibao cha 50, wakati mshale wa gari lake ulikuwa umesimama kwenye 50 kamili. Akamaliza kwa kusema mashine ya askari ni mbovu. Mimi simfahamu, sikuwepo, na siwezi kuapa kwamba kila tochi nchini ni nzima. Lakini nimekaa miaka 26 kwenye usukani wa magari ya ofisi ya umma, na tangu nistaafu nafunga matairi na kupiga alaimenti hapa Msamvu, Morogoro. Kama angekuja kibandani kwangu na malalamiko hayo, swali langu la kwanza lingekuwa hili: ndugu yangu, hilo gari lako limevaa matairi gani?

Watu wengi wanaamini kisahani, kile chenye mshale wa mwendo kwenye dashibodi, kinapima mwendo wa gari. Hakipimi. Kisahani hakina jicho la kuiona lami. Kinachofanya ni kuhesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, au siku hizi mizunguko ya magurudumu kupitia sensa, kisha kinakisia: kama tairi ni la ukubwa ule aliouweka mtengenezaji kiwandani, basi gari linakwenda kasi hii. Aliyewahi kukwama kwenye tope la masika amejionea. Unakanyaga mafuta, tairi linazunguka palepale, mshale unapanda hadi 60, na gari halijasogea hata hatua moja.

Nilipoanza kazi tulikuwa na Land Rover za zamani zenye waya mrefu uliotoka chini kwenye giaboksi mpaka kwenye dashibodi. Kisahani cha moja kilipokufa, fundi mkuu wa karakana yetu, marehemu sasa, alikifungua mbele yetu vijana. Ndani mlikuwa na sumaku ndogo iliyozungushwa na ule waya, juu yake kikombe cha aluminiamu kisichogusana nayo, na springi nyembamba kama unywele. Sumaku inapozunguka huvuta kikombe, springi hukizuia, na mshale hukaa pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Ubunifu huo aliusajili Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902, na ulitumika duniani kwa karibu karne nzima. Leo waya na sumaku vimeondoka, imebaki sensa na umeme, lakini kisio la ukubwa wa tairi liko palepale.

Watengenezaji wanajua kuwa kisio linaweza kukosea, kwa hiyo wanakosea upande wa usalama kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inasema mshale usisome chini ya mwendo halisi hata kidogo. Kuzidisha unaruhusiwa, kwa sehemu moja ya kumi ya mwendo na kilomita 4 juu yake. Yaani gari linalokwenda 80 halisi, mshale unaweza kusoma hadi 92 na bado liko ndani ya kanuni. Ndiyo maana gari lililovaa matairi yake ya kiwandani, likipigwa tochi, mara nyingi askari huona namba ndogo kidogo kuliko aliyoiona dereva. Msomaji wetu wa Dodoma anasema kwake ilikuwa kinyume: mshale 50, tochi 57. Kama tochi ile ilikuwa nzima, basi kuna kitu kwenye gari lake kimebadilishwa, na mara tisa katika kumi ninazoziona kazini kitu hicho ni tairi.

Nasema hivi kwa sababu jambo hilo limetokea nyumbani kwangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinunua Subaru Forester ya turbo, lita 2, nguvu za farasi 220. Alilipenda kama watu wanavyopenda mtoto wa kwanza. Akaliinua kwa spesa, akatoa matairi ya 215/60 rimu 16 liliyokuja nayo kutoka Japani, akaweka 225/70 kwenye rimu zilezile ili lipande makorongo ya shambani Turiani. Sikumfungia mimi, aliyafungia Dar. Mwezi wa pili akapigwa tochi: 56 kwenye 50. Akalipa elfu 30, akaja kwangu amefura. “Mjomba, wameniibia. Mshale ulikuwa hamsini.”

Nilichukua futi nikapima tairi jipya na lile la zamani alilokuwa amelihifadhi stoo. La zamani lina kimo cha sentimita 66 na kidogo. Jipya lilikaribia sentimita 72. Kwa macho ni tofauti ya vidole vitatu. Lakini tairi la zamani likizunguka mara moja gari linasogea mita 2 na sentimita 9 hivi, na lile jipya likizunguka mara moja gari linasogea mita 2 na sentimita 27. Kisahani hakijaambiwa. Kinaendelea kuhesabu mzunguko uleule kwa bei ileile ya zamani, huku kila mzunguko ukimpeleka mbele sentimita 18 zaidi. Hiyo ni zaidi ya asilimia 8, na imeshakula ile akiba yote ya usalama iliyowekwa kiwandani.

Hakuniamini. Ni kijana wa chuo, anataka kuona. Basi Jumapili alfajiri, kabla magari hayajawa mengi, tukatoka na barabara ya Dodoma. Baada ya Mkundi barabara inanyooka, na pembeni kuna nguzo za kilomita. Kipimo ni rahisi mno na hakihitaji mashine: unashika mwendo mmoja bila kupandisha wala kushusha, abiria anabonyeza saa ya simu mnapoipita nguzo ya kwanza, anabonyeza tena kwenye ya pili. Anayekwenda 60 halisi atatumia sekunde 60. Anayekwenda 80, sekunde 45. Anayekwenda 100, sekunde 36. Ukitaka kujua namba yoyote, gawanya 3,600 kwa sekunde ulizopata.

Alishika 80 kwenye mshale. Nikapata sekunde 43. Tukarudia kilomita iliyofuata, 43 tena. Tukageuza kurudi, ili upepo na mteremko visidanganye, 43. Hiyo ni karibu 84. Mshale ukiwa 100, saa ilisoma 34 na nusu, yaani zaidi ya 104. Wiki iliyofuata nikamrudishia matairi yake ya zamani, tukaenda barabara ileile, mshale uleule kwenye 80. Sekunde 47 kasoro kidogo. Gari moja, dereva mmoja, mshale mmoja, na karibu sekunde nne za tofauti katika kila kilomita. Njia nzima ya kurudi alikuwa kimya, halafu akasema ukweli wake: siku ile ya tochi mshale haukuwa 50 kamili, ulikuwa “hamsini na kidogo”. Kati ya 40 na 60 kwenye kisahani cha gari kama lile, hicho “kidogo” ni upana wa mshale wenyewe. Ukiongeza na tairi, 56 ya askari inatimia bila mtu yeyote kuiba.

Siku hizi kuna wanaopima kwa simu, na mimi sipingi. Programu za spidi hutumia satelaiti, hazijali tairi, na gari likiwa kwenye mwendo uliotulia, mahali pa wazi, zinasema ukweli kuliko visahani vingi. Mabasi yetu ya mikoani yamefungiwa kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinachofuatilia mwendo kwa njia hiyohiyo, na kengele yake abiria wote wanaijua. Ila simu huchelewa gari linapoongeza au kupunguza mwendo, na kwenye makorongo kama Kitonga milima inaziba anga. Na aishike abiria. Nimeona vijana wanaoendesha 120 huku wanatazama kiganjani kama ni kweli 120.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, maana kosa la kilomita sita kwenye kibao cha 50 lina faini ya elfu 30 na linaisha. Gari lenye nguvu ni habari nyingine.

Mpwa wangu alinikiri siku ileile kwamba usiku mmoja alilaza mshale hadi 160. Kwa matairi yale makubwa, 160 ya mshale ilikuwa karibu 167 barabarani. Vijana wanasema “nimemaliza kisahani” kwa fahari. Wanadhani namba ya mwisho kwenye kisahani ni ahadi ya mtengenezaji kwamba gari linaweza kufika huko salama popote. Magari haya tunayaagiza Japani. Kampuni za huko zilikubaliana zenyewe zamani kuyakata magari ya kawaida yasivuke 180, na nguvu za injini zisitangazwe kuvuka farasi 280, makubaliano ambayo upande wa nguvu yaliachwa mwaka 2004. Na katika nchi hiyohiyo hata barabara za mwendo kasi kwa kawaida hazivuki kikomo cha 100, vipande vichache tu vimeruhusiwa 120. Wazee wenzangu wanakumbuka Corolla na Mark II za zamani zilizokuwa zinalia kengele ndani ukivuka 100. Ilikuwa sheria ya Japani mpaka mwaka 1986. Hapa kwetu mafundi tulikuwa tunalipwa kuikata waya ya kengele ile. Nimekata nyingi. Ningeweza kuzirudisha ningezirudisha.

Kule Japani ukaguzi wa gari unahusisha kulipandisha juu ya roli, yaani vyuma vya mviringo vinavyozunguka chini ya tairi, mshale ukafika 40, na mashine ikatazama kama 40 ile ni kweli. Kwa hiyo gari linapofika bandarini Dar es Salaam kisahani chake kwa kawaida kiko sawa. Sisi ndio tunaokiharibu.

Kuhusu mwendo wenyewe, nitaeleza yaliyonipata. Mwaka 2011 nilikuwa namrudisha bosi Dar kutoka Dodoma, tuko kwenye V8. Alikuwa na kikao saa nane mchana na tulikuwa tumechelewa kutoka. Aliniambia “kanyaga”, akalala. Sikatai, nilikanyaga. Tulipoipita Kibaigwa mshale ulikuwa 160. Asiyewahi kuendesha gari lile hawezi kuelewa: ndani ni kimya, kiyoyozi kinapuliza, kiti kimekukumbatia, redio inasikika bila kupandisha sauti. Nilikuwa naukodolea mshale, naiona 160, na mwili wangu unaniambia ni 90. Baada ya nusu saa ya mwendo ule macho yanazoea. Kijiji kinapokuja unapunguza hadi 100, unahisi kama unatembea kwa miguu, kumbe umeingia kwenye watoto wa shule na mwendo mara mbili ya kibao. Kisahani changu siku ile kilikuwa kizima kabisa, matairi ya kiwandani. Kilichoharibika ni mimi.

Tukiwa tumesonga mbele, kwenye kilima kidogo, nilipofika juu nikaona ng'ombe. Kundi zima, wameshaanza kuvuka, na kijana mdogo mwenye fimbo katikati yao. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pedali ilitetemeka chini ya viatu vyangu, bosi akaamka akigonga kiti cha mbele kwa magoti. Gari lile lina zaidi ya tani mbili na nusu. Linapunguza, linapunguza, na bado lina haraka. Tulisimama hatua nne kutoka kwa ng'ombe wa mwisho. Yule kijana hakukimbia. Alisimama na fimbo yake akinitazama, na mpaka leo naweza kukuchorea uso wake.

Bosi hakusema neno. Baada ya dakika chache akasema, “Tuendelee, tumechelewa.” Nilikwenda 80 mpaka Chalinze na hakunikataza.

Jioni ile nilikaa na daftari. Hesabu yenyewe niliijua tangu mafunzo ya udereva lakini sikuwa nimeiweka moyoni. Kwa 160 gari linakata mita 44 kila sekunde. Dereva mzima, asiyelala, huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone mpaka breki zishike. Tayari mita 66 zimekwenda bila kupungua chochote. Kisha breki zenyewe, kwenye lami kavu na tairi nzuri, zinahitaji karibu mita 140 nyingine. Jumla ni zaidi ya mita 200, kama viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa. Kwa 80 safari yote hiyo, tangu kuona mpaka kusimama, ni kama mita 70.

Lakini kuna hesabu ya pili ambayo ndiyo inanifanya nisilale mpwa wangu akisafiri. Chukua magari mawili sambamba, moja linakwenda 100 na lingine 120, madereva wakaona ng'ombe kwa wakati mmoja na wakakanyaga breki kwa wakati mmoja. Mahali ambapo lile la 100 limesimama kabisa, lile la 120 bado lina mwendo wa zaidi ya 70. Lingekuwa la 140, pale pale lingekuwa linapita na 110. Kilomita 20 unazoziongeza kwenye mshale hazipotei pole pole unapokanyaga breki. Zinabaki nyingi mwishoni, palepale penye ng'ombe au mtoto. Na yule ambaye kisahani chake kinamwambia 100 wakati anakwenda 105 au 110, hajui hata kwamba ameingia kwenye hesabu hiyo.

Kuna jambo la matairi ambalo ni lazima niliseme, kwa sababu nimeona limemuua mwenzangu. Tulikuwa madereva wa ofisi moja, tulianza kazi mwaka mmoja. Alinunua gari lake dogo kutoka Japani, lilikuja na matairi mazuri, kashata zake, yale meno ya mpira yanayoshika lami, bado ndefu, tukamsifu sote. Mwaka 2013 tairi la nyuma lilipasuka akiwa kwenye barabara ya Iringa, mwendo mkubwa, mchana wa jua kali. Nilipokwenda kulitazama lile gari niligeuza tairi moja lililobaki zima nikasoma ubavuni. Tarakimu nne za mwisho zilikuwa 3204: wiki ya 32 ya mwaka 2004. Tairi la miaka tisa. Na kando ya saizi palikuwa na herufi Q.

Herufi ile ndiyo kikomo cha tairi, na ninaomba kila mwenye gari atoke sasa hivi akaisome. Q ni kilomita 160 kwa saa. S ni 180. T ni 190, H ni 210, V ni 240. Matairi ya Q kutoka Japani mara nyingi ni ya majira ya theluji, yameandikwa STUDLESS ubavuni, mpira wake ni laini ili ushike barafu. Yanashuka bandarini yakiwa bado yamefungwa kwenye magari, na yanapendeza macho kwa sababu kashata ni nyingi. Joto la lami ya Mikumi saa nane mchana sio kazi yaliyoundiwa. Kila wiki napata angalau gari moja lenye matairi hayo, kisahani kinaandika 180 na tairi linasema 160, na 160 yenyewe ni ya tairi jipya lenye upepo wa kutosha na mzigo wa kawaida. Mwenye gari akisikia bei ya matairi manne mapya ananiambia, “Fundi, haya bado yana nyama.”

Niseme pia kwa haki: kinyume chake kipo. Tairi lililokwisha limepungua kimo, kwa hiyo mshale husoma zaidi ya mwendo halisi, kama asilimia mbili hivi kutoka upya hadi mwisho. Anayebadilisha akaweka tairi dogo kuliko la kiwandani naye mshale wake unamzidishia, na kihesabu kilomita kinaandika safari ambazo hakuzisafiri. Huyo anapoteza mafuta ya servisi za mapema, hapotezi roho, na sitamlilia sana.

Ninachokiomba ni hiki. Wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama magari yanakaguliwa na kupewa stika. Nimepeleka pikapu yangu mara nyingi, katika kituo ambacho sitakitaja. Wanatazama taa, wiper, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu, na kashata za tairi. Sijawahi kuona mkaguzi anafungua mlango wa dereva na kusoma kile kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango kinachoonyesha saizi ya tairi na upepo unaotakiwa, akalinganisha na kilichofungwa. Ni kazi ya nusu dakika, haihitaji roli za Japani. Ikiwa saizi imebadilika zaidi ya kiasi, mwenye gari aambiwe akapime kisahani na alete matokeo. Roli zikipatikana baadaye, vizuri.

Sisi mafundi wa tairi nasi tuna dhambi yetu. Kijana anakuja anataka gari liwe refu, tunafunga, tunachukua pesa, tunampigia saluti. Aliyemfungia mpwa wangu hakumwambia neno moja kuhusu mshale. Mimi tangu Jumapili ile sifungi saizi kubwa bila kumwandikia mteja kwenye risiti: mshale ukisoma 80, wewe unakwenda ngapi. Wengine wanaikunja wanatupa. Wengine wanaibandika.

Na nguzo za kilomita. Kwenye kipande tulichopimia, nguzo mbili hazipo, zimegongwa au zimeng'olewa, na nyingine moja imelala kwenye majani namba yake chini. Nguzo ile ni kipimo cha bure ambacho kila mwananchi anaweza kukitumia, mwenye simu ya kisasa na asiye nayo. Wanaohusika na barabara hiyo wazisimamishe, na wazipake rangi ili zionekane alfajiri.

Kwa msomaji wa Dodoma, ukipita Morogoro kabla hujaenda kumshtaki askari, simama Msamvu. Njoo na gari kama lilivyokuwa siku ile, usibadilishe kitu. Nitapima matairi yako kwa futi, tutasoma kibandiko cha mlangoni, kisha tutatoka mpaka ng'ambo ya Mkundi na saa mkononi. Sitakutoza hata shilingi. Ikionekana mshale wako ni wa kweli na matairi ni ya kiwandani, nitasaini karatasi yenye sekunde tulizozipata ukaipeleke kituoni nayo.

Dereva mstaafu na fundi wa matairi,
Msamvu, Morogoro